Tikiti Lililoshonwa

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kila kitu sasa hivi, kitu kizuri humpita naye yuko hapo hapo. Mtu huyo si mvivu, wala si mbaya. Mara nyingi ndiye mchapakazi kuliko wote nyumbani, ila hawezi kufunika sufuria akaiacha.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa fundi wa kushona nguo, na watu walimwita Cherehani. Hawakumwita hivyo kwa sababu ya kazi yake tu. Hata akishuka kwenye mashine miguu yake iliendelea kucheza. Akinywa chai alisimama, na akingoja mgeni alifika barabarani mara tatu kumtazama. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mtulivu kama maji ya mtungini, naye alikuwa akimwambia, "Mke wangu, mimi ningekuwa na haraka kama yako, nusu ya mtaa huu isingekuwa na masikio."

Mwaka mmoja walimleta mama yake Cherehani kuishi nao, maana alikuwa amezeeka na shamba lilikuwa limemshinda. Mama alifika na begi moja, akakaa kwenye kiti akitazama ukuta. Hakulalamika, lakini hakula. Ukimuuliza kitu alijibu "naam" basi. Wiki tatu zilipita hivyo, nguo zikaanza kumpwaya. Cherehani akazipunguza kiunoni, kisha akazipunguza tena, na ile mara ya pili alilia juu ya mashine.

Ndipo siku moja mama akatoka uani. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka minne, na kwenye kona palikuwa na tangi bovu la maji. Akainama, akachukua udongo, akaunusa. Jioni hiyo alimaliza sahani nzima na kuuliza kama kuna ukoko.

Lakini mwenye nyumba alikuwa na mipango yake. Alitaka kumwaga saruji pale uani aegeshe gari lake, na mifuko sita ilikuwa tayari imepangwa karibu na lango. Kinyozi alimwomba sana. Mzee akakuna kidevu, akasema, "Nawapa miezi mitatu. Siku ya mwisho nakuja saa nne asubuhi. Mkinipa kitu cha maana kilichotoka hapa, nawaachia. Na msiniletee mchicha. Mchicha unaota hata kwenye ufa wa ukuta."

Mama akafungua pindo la kitambaa chake, akatoa mbegu saba nyeusi. "Tikiti," alisema.

Akapanda zote saba. Siku ya pili Cherehani alikuwa amepiga magoti, anafukua kwa kidole.

"Unatafuta nini?" mama akamuuliza.

"Naangalia kama zimeanza."

"Mbegu ni kama mtu anayevaa nguo, mwanangu. Usimfungulie mlango."

Cherehani akazifunika. Kesho yake akafukua tena, kidogo tu, upande mmoja. Ukweli ni kwamba hakuweza kulala. Akifumba macho aliiona ile mifuko sita na mama amegeukia ukuta. Kwa hiyo alifukua, na kwa kufukua huko mbegu tano zilikufa. Zikaota mbili. Moja akaitilia mbolea mbichi ya kuku aliyopewa na jirani, ndoo nzima, ili ikue upesi, na baada ya siku nne mche ukaungua kama uliopigwa pasi.

Likabaki shina moja. Mama akaweka kiti chake kando yake. "Hili ni langu," akasema. "Wewe una mashine yako."

Shina lilitambaa likapanda mpaka nyuma ya tangi, likatoa maua, na karibu na mlango wa jikoni likazaa tikiti. Mwanzoni lilikuwa kama yai, baadaye kama ngumi, baadaye kama kichwa cha mtoto. Nyumba ikabadilika. Mama alikuwa akiongea tangu asubuhi. Alimfundisha Kinyozi kwamba tikiti halipimwi kwa ukubwa. Unatazama ule usharubu mdogo uliojisokota karibu na kikonyo. Ukikauka, na tumbo la chini likageuka kutoka weupe kuwa njano, basi limeiva. Kila jioni pia alibeba nyasi kavu kwenda kuzitupa nyuma ya tangi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Zilipobaki wiki tatu, usharubu ulikuwa bado mbichi. Cherehani alilipita tikiti lile mara ishirini kwa siku. Aligonga, akasikiliza, akaligeuza, akalirudisha. Je, kama ndani ni jeupe? Je, kama siku ikifika halijaiva? Afadhali ajue mapema. Mchana mmoja mama akiwa amelala, alichukua wembe wa mumewe akakata kidirisha cha pembe tatu, kidogo tu kama kifungo cha koti. Akachungulia.

Ndani kulikuwa na weupe wenye wekundu wa mbali, kama shavu la mtu anayeanza kuona haya. Lilikuwa linakuja. Lilikuwa limebakiza siku chache tu.

Akakirudisha kile kipande, kikadondoka. Akakirudisha tena. Halafu akafanya alichokijua maishani mwake. Akaleta sindano na uzi wa kijani, akakishona pande zote tatu, mishono midogo safi kama ya kola ya shati.

Kinyozi alikiona jioni. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya mishono. "Mke wangu," akasema, "umelitia na pindo?"

Cherehani hakucheka. Siku ya tatu sisimizi waliufuata uzi kama reli. Siku ya sita tikiti likabonyea, maji yakatoka, harufu ikafika jikoni. Mama akaliangalia, akasema "naam", akaingia ndani. Neno lile lilimchoma Cherehani kuliko matusi.

Siku ya mwisho ikafika. Tangu alfajiri Cherehani alikuwa akizunguka chumba. Saa mbili akavaa viatu.

"Mwanangu, kaa," mama akamwambia. "Leo kaa tu. Nina neno la kukuambia."

"Utaniambia nikirudi, Mama. Naenda sokoni kununua tikiti. Tutalilaza pale chini ya majani, atajuaje?"

"Neno lenyewe ni fupi."

"Narudi sasa hivi," akasema, akiwa tayari nje ya lango.

Soko la kwanza halikuwa na matikiti. Akakimbilia la pili, akachukua la kwanza aliloliona, hakuligonga wala hakuligeuza, akarudi mbio amelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Alipofika langoni ilikuwa karibu saa sita. Vijana wawili walikuwa wakipakia mifuko ya saruji kwenye mkokoteni, wakiipeleka kwingine. Uani watoto wa jirani walikuwa na mashavu yanayong'aa, na juu ya sinia yalikuwa maganda tu.

"Nini hiki?" Cherehani akauliza.

"Kulikuwa na tikiti jingine nyuma ya tangi," Kinyozi akasema. "Chini ya zile nyasi. Mama aliliona tangu likiwa kama kokwa, akalifunika."

"Kunificha mimi?"

"Kulikinga na wewe," mama akasema taratibu. "Hilo ndilo neno lililokuwa linakungoja asubuhi."

Cherehani akakaa chini. Kwa mara ya kwanza miguu yake ilitulia. "Hamkuniwekea hata kipande?"

Mama na Kinyozi wakatazamana.

"Tulikuwekea," mama akasema. "Kile cha katikati. Mzee alikula vipande viwili, akawa bado hajasema kitu. Akauliza, kile pale cha nani? Nikamwambia ni cha binti yangu, anarudi sasa hivi. Tukangoja, mwanangu. Tulingoja sana. Mwishowe nikampa. Alipokimaliza ndipo akasema tubaki na bustani yetu."

Kinyozi akapasua lile tikiti la sokoni. Lilikuwa jeupe kama tango. Hakuna aliyecheka, isipokuwa mama, naye alicheka mpaka akashika mbavu. Cherehani akaokota ganda moja, akalikwangua kwa meno palipobaki wekundu mwembamba.

"Lilikuwa tamu?" akauliza.

"Sana," mumewe akasema.

Mama akamfungulia kiganja. Ndani kulikuwa na mbegu nyeusi, mbichi bado. "Zikaushe, kisha uzipande wewe mwenyewe."

Cherehani akazipokea, na kabla hajajizuia akauliza, "Zitaota lini?"

Mama akamtazama, akavuta kiti chake kivulini, akapiga kile kingine kwa mkono ili binti yake akae. Naye akakaa, mikono ameikalia, ladha ya ganda ikiwa bado kinywani. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.