Bi Punda Akataa Kuruka

Mwaka ule jua liliwaka bila huruma. Mto ukabaki mchanga mtupu, nyama ya ghala la akiba ikasemekana imeliwa na panya, na watoto wa wanyama wakakosa hata nguvu ya kulia. Ng'ambo ya mlima mvua ilikuwa imenyesha, lakini mtoto gani mwenye njaa angeupanda mlima ule kwa miguu? Mfalme Simba alikuwa na eropleni, fahari yake kuu. Tatizo ni kwamba rubani wake, Mzee Korongo, alikuwa ameingiwa na ukungu machoni.

Baragumu likapigwa: anatafutwa rubani. Aliyejitokeza alikuwa Bi Punda, mchota maji, mwenye wana wakubwa na mvi puani.

"Makubwa haya!" Fisi, mpakizi wa mizigo, akacheka akajishika mbavu. "Mama mzima, badala ya kungoja wajukuu, anataka mawingu! Rudi kisimani, mama."

"Kisima kimekauka, mwanangu," Bi Punda akajibu. "Nami tangu utotoni natamani kuruka. Nikingoja tena, nitazikwa na hamu yangu."

Korongo akampenda kwa jibu hilo, akaanza kumfundisha. Masomo yalimtoa jasho, jamani! Kwato zake zilikuwa nzito usukanini, na mara kadhaa aliiingiza eropleni kichakani kabla hata haijaacha ardhi. Wanyama walipomcheka, alitoka na majani masikioni akasema, "Tena, mwalimu." Mwishowe akajua kuruka, akajua na kutua. Akafunzwa pia desturi ya marubani: kabla ya safari, izunguke eropleni yote kwa miguu yako, uitazame na kuigusa, hata kama anayekungoja ni mfalme.

Siku ya safari watoto wakapandishwa, mama zao wakilia na kucheka kwa pamoja. Bi Punda akaanza kuzunguka. Alipofika mbele, akasimama. Gurudumu la mbele liligusa ardhi kwa shida, na mkia ulikuwa umeinama.

"Bwana Fisi, umepakia nini nyuma?"

"Nguo za watoto tu, haki ya Mungu!"

"Basi fungua nione."

"Mfalme, mwone huyu!" Fisi akapaza sauti. "Ameingiwa na woga, sasa anatafuta visingizio. Si niliwaambia?"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Bi Punda, eropleni yangu haina kasoro. Ruka sasa hivi, ama urudi kwenye ndoo zako na usiiguse tena maishani."

Moyo ulimwuma Bi Punda. Ndoto yake yote ilikuwa inamponyoka mbele ya macho ya watu. Lakini punda akikataa, amekataa. Akakita kwato ardhini.

"Siruki, Mfalme. Watoto washuke. Niiteni mkaidi, niiteni mwoga, nitaitika."

Mama mmoja akamshusha mwanawe, mwingine akafuata, hata viti vikabaki vitupu. Hapo Bi Punda akamgeukia Fisi. "Kama nyuma ni nguo tu, nenda ukaketi huko. Turuke mimi na wewe."

Fisi akameza mate. Kukaa peke yake na kile alichokificha, safari nzima! Tamaa ikamwamulia, akapanda mbio bila kuombwa mara ya pili.

Kufika mkiani tu, pua ya eropleni ikainuka, mkia ukajibwaga chini, pu! Mlango wa mizigo ukafumuka, na nyama kavu ya ghala la akiba, ile ambayo Fisi alisema imeliwa na panya, ikamwagika furushi kwa furushi. Fisi akaanguka juu yake, miguu hewani.

"Lo! Kumbe panya ndiye huyu!" akina mama wakapiga kelele.

Nyama ikarudishwa ghalani, na Fisi akatwishwa ndoo. Korongo akaupapasa mkia, akaukuta mzima. Bi Punda akaanza kuizunguka eropleni upya, polepole, na safari hii hakuna aliyemhimiza.

Simba akakohoa, akatazama pembeni. "Rubani," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "ukiwa tayari."

Eropleni ikapaa na watoto wote, ikauvuka mlima. Huko juu Bi Punda akalia kwa furaha, mlio wake mkubwa ule, hata waliobaki chini wakausikia. Fisi naye safari yake iliishia palepale uwanjani. Njia ya mwongo ni fupi.