Kuku Mwenye Kofia Ngumu

Hapo zamani, na usiniulize zamani ya lini, maana masultani walikuwapo na pikipiki nazo zilikuwapo, palikuwa na mji uitwao Kilimatope, na mtawala wake aliitwa Sultani Mwinyikondo. Hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa moja tu: neno likishamtoka halirudi, hata kama limemtoka kabla hajalifikiri.

Basi siku moja alimwona kwa macho yake mtu ameanguka na pikipiki sokoni, kichwa kimempasuka, akasikitika mno. Akamwita Waziri Shamte, akamwagiza atunge sheria. Waziri akatunga, na mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza: kila kichwa kipandacho pikipiki kivae kofia ngumu, na kila mwendeshaji awe na bima, yaani mtu mwenye mali na jina, atakayebeba hasara yoyote ile mwendeshaji atakayoitia njiani. Asiye na hayo mawili, pikipiki yake itakamatwa na kunadiwa Ijumaa baada ya sala. Watu wakasema sheria ni njema. Na kweli ilikuwa njema, mpaka ilipofika mikononi mwa askari.

Katika mji huo alikaa Ngwali, fukara wa kutupwa, mwenye ulimi mwepesi na pikipiki kuukuu aliyoipenda sawa na mkewe Mwanakheri. Mwanakheri mwenyewe alisema ni zaidi. Kwa pikipiki hiyo alipeleka kuku sokoni, na ndiyo iliyoinjika chungu chao. Asubuhi moja askari wakamsimamisha langoni.

"Kofia yako tumeiona," wakasema. "Na hawa?"

"Hawa akina nani, mabwana?"

"Hawa kuku. Sheria imesema kila kichwa. Hawana vichwa hawa?"

Ngwali akawatazama kuku, kuku wakamtazama yeye. "Wanavyo," akakiri.

"Na bima wako ni nani?"

"Mola wangu."

"Tumeambiwa mtu, tena aje barazani kwa miguu yake."

Ikawa pikipiki imekokotwa hadi uani kwa Sultani, na Ngwali akaifuata nyuma na tenga la kuku kichwani. Alipofika barazani akapiga magoti, akanena, "Ewe Sultani wangu, Mungu akuweke. Kuku hawa wanakwenda kuchinjwa. Nimlindeje kichwa mtu ambaye jioni anakatwa shingo?"

Baraza likacheka. Sultani naye kicheko kilimpanda, lakini Waziri akamnong'oneza, "Bwana wangu, neno lako halirudi." Basi akakaza uso.

"Sheria ni msumeno, Ngwali. Ijumaa, kabla ya mnada, niletee kuku aliyevaa kofia ngumu, atulie nayo asiikung'ute. Uje na bima wako pia. Ukiweza, chukua pikipiki yako. Ukishindwa, inauzwa."

"Amri yako i juu ya kichwa changu," akajibu Ngwali, "na juu ya vichwa vya kuku."

Akaenda zake. Nyumbani akachukua kifuu cha nazi, akamfunga nacho jogoo kwa kamba. Jogoo akazunguka ua mzima kwa hasira mpaka akakitupa kisimani, na Mwanakheri akacheka hadi akaketi chini. Lakini kutafuta bima hakukuwa na kicheko. Ngwali alibisha hodi kwa kila tajiri wa Kilimatope. Huyu ana wageni, yule amelala, yule mwingine aliagiza aambiwe kuwa amesafiri, na sauti yake inasikika dirishani. Ngwali akarudi nyumbani moyo umemwinamia. Aliogopa kweli, maana bila pikipiki ile hakujua watakula nini.

Ijumaa asubuhi Mwanakheri akachinja kuku mmoja, akamwunga kwa nazi. "Wakiiuza pikipiki yetu, wasitukute na njaa pia," akasema, akampakulia mumewe firigisi. "Haya, baba mwenye nyumba, haki yako hiyo."

Sasa fahamu kwamba Kilimatope firigisi hailiwi ovyo. Huliwa na baba mwenye nyumba, na aliyeila ndiye abebaye mizigo ya nyumba hiyo. Mila hiyo Sultani mwenyewe aliitolea hukumu: mjomba mmoja mlafi alikula firigisi kwa dada yake mjane, kisha akakataa kugharimia harusi ya mpwawe. Mjomba akalia kwamba hakujua, alidhani ni ini. Sultani akamwambia alipe, hata pilau.

Ngwali akaishika firigisi, akaitazama, akairudisha sufuriani. "Hii leo si yangu, mke wangu," akasema. "Hebu nipe mfuniko ule wa chuma."

Sultani akatoka msikitini na njaa yake, akamkuta Ngwali barazani amekumbatia sufuria.

"Kuku yuko wapi?"

"Huyu hapa, Sultani wangu, na kofia yake ya chuma. Mtikise uone kama ataikung'uta."

Sultani akaitikisa sufuria. Kuku akatulia. Akaufunua mfuniko, harufu ya tui na bizari ikampanda puani, akacheka. "Kwa kofia umenishinda." Ngwali akampakulia, firigisi akaiweka juu. Na Sultani, ambaye tangu arithi kiti hajawahi kuuliza firigisi ni ya nani, akaitia kinywani.

"Na bima wako? Mbona simwoni?"

"Ngoja kwanza ameze, bwana wangu."

Taya za Sultani zikasimama.

"Kuku huyu ni wa nyumba yangu," akasema Ngwali taratibu, "na firigisi yake unayo wewe."

"Sikujua!" akasema Sultani.

"Hata mimi nilisema sikujua!" ikapaa sauti kutoka nyuma ya baraza, ni yule mjomba mlafi. "Na pilau nikalipa!"

Ngwali akainama. "Sikuja kukufedhehesha, bwana wangu. Nimezunguka mji mzima, hakuna tajiri aliyekubali kunibeba. Sheria yako inalinda vichwa, nami naipenda. Lakini fukara ukimwambia alete tajiri, umemwambia alete mwezi."

Uso wa Sultani ukaiva kwa haya. Kisha akatafuna, akameza, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Neno langu halirudi," akasema, "na firigisi nayo hairudi. Mpeni pikipiki yake. Nami ndiye bima wake. Na wewe Shamte, maneno uliyoyatunga wewe yaandike upya: vichwa vya watu, si vya kuku!"

Kesho yake asubuhi waendeshaji wote wa Kilimatope walikuwa wamejipanga langoni kwa Sultani, kila mmoja na kofia yake kichwani na sufuria mkononi. Sultani akachungulia dirishani, akashika tumbo, akaamuru tangu siku hiyo hazina yake iwe bima wa wote, mradi waende nyumbani na kuku wao.

Hekaya yangu imeiva na nimekupakulia. Ama Sultani Mwinyikondo, hadi anakufa, kila alipoandaliwa kuku aliitafuta firigisi kwanza, na akiiona, aliisukumia upande wa Waziri.