Bibi Anayesaga Kilimani

Hapo zamani za kale, kabla mimi sijaota kitambi na kabla hata vilima havijapewa majina, aliishi Pimbi. Wangapi mnamjua pimbi? Ni kajinyama kanene, kama paka aliyesahauliwa mkia. Nimetembea nchi nyingi, watoto wangu, na sehemu kubwa ya safari hizo nilikuwa nimepotea njia. Lakini mjanja kama yule sijamwona tena.

Pimbi alikaa na mkewe na watoto wanne ndani ya pango, ubavuni mwa kilima. Asubuhi moja kilima kikanguruma: Ngurururu! Vyungu vikaanguka jikoni kwa Ndovu. Nyati akamwaga uji wake. Kifaru akajificha nyuma ya mkewe.

Wakubwa hao watatu wakakutana pale pale, mbele ya pango.

"Mle ndani kuna nini?" Ndovu akauliza.

Hakuna aliyejua.

"Basi tukivunje," akasema Nyati. "Siwezi kukaa jirani na kitu nisichokijua."

"Tukivunje!" Kifaru akadakia, akaanza kunoa pembe.

Moyo wa Pimbi ukapiga du! du! du! Kilima kikivunjwa, watoto watalala wapi? Akatoka mlangoni akipiga miayo.

"Shikamooni, wazee. Mbona kelele? Mtamuudhi Bibi."

"Marahaba. Bibi gani?" akauliza Ndovu.

"Ala! Hammjui? Bibi kizee anayekaa humu ndani. Anasaga mtama. Jiwe lake kubwa, ndiyo maana linanguruma."

Nyati akakunja uso. "Mtama wote huo ausage peke yake?"

"Ana wajukuu wengi, mzee wangu. Na wanakula kama wewe."

Ndovu akaguna kwa kicheko.

"Haya, vunjeni," Pimbi akaendelea. "Lakini tangu lini mtu mzima akaingia nyumba ya watu bila kupiga hodi?"

Wakatazamana. Ndovu akasogea, akakohoa kidogo.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Tiii!

"Hodi tatu," akasema Ndovu. "Hataki wageni. Twendeni zetu."

Tangu siku ile, kilima kikinguruma, Nyati alisema tu, "Bibi anasaga," akaendelea kunywa uji. Kifaru akawa anamletea Bibi maboga, anayaacha mlangoni, akirudi, hayapo. Pimbi akanenepa. Hadithi nayo ikanenepa: Bibi akapata jina, akapata kengeza, akapata na mume aliyemkimbia.

Jioni moja Pimbi alirudi kutoka matembezini. Kufika tu mlangoni: Ngurururu! Manyoya yakamsimama. Mguu ukagoma kuingia.

"Hodi!" akaita, kwa sauti nyembamba kama sindano. "Hodi! ... Hodi wenyewe!"

Mkewe alikuwa ndani kabisa, na kwa ngurumo ile hakusikia kitu.

Kifaru alikuwa nyuma yake, boga mkononi. Akamshika bega kwa huruma.

"Hodi tatu, jirani. Adabu ni adabu. Njoo ulale kwangu."

Pimbi akamfuata, akijikaza asigeuke nyuma. Mara mkewe akachungulia mlangoni, mwiko mkononi.

"Baba Shangwe! Unakwenda wapi? Chakula kinapoa!"

"Shhh!" akanong'ona Pimbi. "Utamuudhi Bibi."

Basi, hadithi hututuliza mbele ya tusichokijua, lakini aliyeitunga naye ana masikio.