Watani wa Shimo la Kwanza

Atakayecheka mapema ndiye atakayechota maji, haya, sikilizeni. Bwana Luhende, tajiri wa machimbo, alikuja kutaka dhahabu ya kilima chetu. Tukamwambia achimbe, ila chemchemi asiiguse na kila shimo alifukie. Kuyaandika hayo akakataa.

"Hamniamini? Mimi ni wenu."

Bi Sikudhani, yule mwembamba kama mwiko, akamuuliza, "Wetu kwa lipi, baba? Ndugu tunao tele. Labda tukufanye mtani."

"Nifanyeni. Utani si matusi na kucheka tu?"

"Na kuhudhuriana msibani, baba."

Akakubali mbele ya wafanyakazi wake wote. Akaitwa kichwa boga, akacheka mpaka akashika tumbo.

Siku ya nne mashine ikachimba shimo la kwanza, hatua kumi tu kutoka kwenye chemchemi. Bi Sikudhani akashuka na wanawake ishirini, wakajilaza humo wakiimba.

"Watoeni," akasema Bwana Luhende.

Dereva akazima mashine. "Siwezi, bosi. Hao watani wako. Mtani akishalala kaburini hatoki mpaka apewe anachotaka, wala haguswi."

"Kaburi? Kwani amekufa nani?"

"Chemchemi yetu inakata roho," akajibu Bi Sikudhani kutoka chini. "Lete karatasi, kichwa boga. Na uji, maana tuna wiki nzima."

Bwana Luhende akachuchumaa ukingoni, akaandika yote mawili. Uji nao ukaja, wa moto, wenye sukari.