Pimbi Alivyolipamba Gari la Kiboko

Hadithi, hadithi!
— Njoo!
Inakuja mbio, ina mtoto mgongoni.
— Ipokeeni, ikae!

Hapo kale wanyama walisoma chuo kimoja, na Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, alisoma na mwanawe mgongoni. Darasani hakuogopa kitu. Njiani ndiko, jamani, njiani! Tai alizunguka juu, na jana tu kucha zake zilichana mbeleko, chaa! Mtoto akabaki kwa bahati.

Rafiki yake Kiboko alikuwa na gari. Gari hilo! Jekundu, linang'aa kama nyanya iliyooshwa.

"Kaka Kiboko, nisogeze na mtoto."

"Dada, kiti hiki changu, kile cha tumbo langu, vya nyuma vya majani yangu. Nafasi hamna."

Pimbi akaingia darasani. Kiboko alipolala darasani, koroo, koroo, Pimbi akatoka mbio, akalifunga gari utepe mweupe, akafunga maua, akafunga maputo, akarudi akakaa kama hajatoka.

Kengele, nge! Kiboko anatoka, chuo kizima vigelegele.

"Bwana harusi huyoo! Kaoa kimyakimya!"

"Nani, mimi?"

Aibu ikamshika, na raha nayo ikamshika, maana hajapigiwa vigelegele tangu azaliwe. Getini, Kobe mlinzi akagoma kufungua.

"Gari la harusi litoke tupu? Nuksi hiyo, bwana! Bibi harusi yuko wapi?"

"Basi niyatoe maua."

"Kabla hujafika? Nuksi mara mbili!"

Jasho, tiriri. Kiboko akamwona Pimbi.

"Dada, niokoe, panda!"

"Na mtoto? Na tumbo lako likae wapi?"

"Litajibana! Panda, mama, panda!"

Akapanda, akajitanda kanga. Wanafunzi wakafuata kwa pikipiki, pi! pi! piii! Tai akashuka, akasikia honi, akapaa. Akashuka tena, akasikia vigelegele, akapaa, akatokomea. Pimbi akamkumbatia mwanawe, akacheka, akalia, vyote pamoja.

Walipofika kwake, Kiboko akaona vidole vya Pimbi vimejaa vumbi la maua.

"Kumbe ni wewe!"

Pimbi akaficha mikono ndani ya kanga. Kiboko akaupungia umati mkono, akainama, akanong'ona:

"Na kesho utapamba saa ngapi?"

Hadithi yangu imeshuka garini. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aitue. Funzo lake, wanangu: gari la mtu haliguswi, na mwenda kwa miguu hapatwi na neno. Mnacheka? Basi muulizeni Pimbi!