Nakijwa na Zimwi Lililogeuza Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa msitu usiolia ndege.

Na ndani yake?

Tuambie wewe uliyetoka huko.

Basi sogeeni karibu na moto, niwaambie.

Hapo zamani, juu milimani, penye migomba na ukungu, palikuwa na mwanamke jina lake Nakijwa. Mumewe aliitwa Kajiru. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, mchanga, hata meno hajaota. Masika yalipofika mtoto akashikwa na homa, na mvua haijakatika wakamzika nyuma ya nyumba.

Watu walikuja, wakalia, wakarudi makwao. Nakijwa hakulia. Kilio kilimkwama kifuani kama kiazi cha moto kilichomezwa haraka, hakishuki wala hakitoki.

Basi mahindi yakakomaa, maharage yakavunwa, ikafika sikukuu ya mavuno. Mwaka ule ilikuwa zamu ya ukoo wa Kajiru kupokea wageni. Wakaja watu wa milima yote. Nyumba ikajaa, ua ukajaa, hata banda la mbuzi likalaliwa na wajomba. Ngoma zilianza jogoo akiwika, na dengelua, ile pombe ya miwa, ikamiminwa tangu asubuhi.

Kila aliyemwona Nakijwa alikuwa na neno la kumpa. Huyu alimwambia ale. Yule alimwambia acheze. Mwingine alimwambia acheke, maana yeye bado kijana, atazaa tena.

Aliyewazidi wote ni wifi yake, Namkunda, dada wa Kajiru. Namkunda alikuwa na moyo mwema na mdomo usio na mlango. Alimfuata Nakijwa jikoni akiongea. Alimfuata kisimani akiongea. Alimfuata hata nyuma ya nyumba, penye kile kikaburi, akiongea.

Siku ya kwanza ya sikukuu, Nakijwa alichukua panga na kamba, ili atakayemwona adhani anakwenda kutafuta kuni. Hakumuaga mtu. Akapita katikati ya migomba, akaingia msituni.

Alitembea polepole. Nyuma yake ngoma ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikapotea. Miti ilikuwa mikubwa, imeota ndevu za kijani, na majani chini yalikuwa laini kwa unyevu. Akafika penye kijito, akaketi juu ya jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu masika, akasikia pumzi yake mwenyewe.

Hapakuwa na ndege aliyelia. Hapakuwa na nyani aliyeruka. Hapakuwa hata na nzi. Nakijwa hakujiuliza kwa nini. Aliyechoka haulizi kitanda kimetandikwa na nani.

Siku ya pili akaenda tena. Ng'ambo ya kijito alimkuta mtu ameketi, amempa mgongo. Alikuwa na mabega mapana, na nywele ndefu, nyeusi, zilizomfika kiunoni. Mtu yule hakumsalimu, hakumuuliza habari za nyumbani. Nakijwa akafurahi moyoni kwamba hatimaye amempata mtu asiye na neno la kumpa. Wakakaa hivyo, yeye huku na yule kule, mpaka jua likainama.

Siku ya tatu uani palikuwa na watu wengi kuliko siku zote. Namkunda alimshika wifi yake mkono, akamvuta mpaka katikati ya ngoma. Watu wakawazunguka wakipiga makofi, wakimtaka Nakijwa acheze. Akauchomoa mkono wake, akawapita wote bila kumtazama mtu, akaokota panga na kamba, akashika njia ya msituni. Safari hii Namkunda aliiona njia aliyoishika.

Nakijwa alipofika kijitoni, akamkuta yule mtu amekwisha kuvuka. Ameketi upande huu, karibu na lile jiwe, bado amegeuza mgongo. Nakijwa akaketi vilevile.

Mara yule mtu akasema, taratibu, bila kugeuka, "Unatafuta nini huku?"

Nakijwa akajibu, "Kimya."

"Kwenu hakipo?"

"Kwetu wote wananiambia nicheke."

"Mimi sitakuambia ucheke."

Basi zile nywele zikajigawa, nyingine kulia, nyingine kushoto, kama majani ya mgomba yakipasuliwa na upepo. Na kisogoni, wanangu, palikuwa na kinywa. Kinywa kipana kama mlango wa banda. Kati ya meno yake palining'inia manyoya ya ndege, na ngozi ya nyani, na bangili ya shaba ikiwa bado imo mkononi mwa mtu.

Hakuwa mtu yule. Lilikuwa zimwi. Kwa kinywa cha mbele lilisema, kwa kinywa cha nyuma lilikula. Na kile cha nyuma kikaanza kuimba, sauti ya chini, tamu kama ya mlezi:

Ndege nimewala, pakanyamaza,
nyani nimewala, pakanyamaza,
njoo mwanamke, upate kunyamaza.

Likaimba mara ya kwanza, Nakijwa akasimama. Likaimba mara ya pili, panga likamponyoka mkononi. Likaimba mara ya tatu, akapiga hatua kulielekea.

Msimcheke. Alijua vizuri lile ni zimwi. Lakini alikuwa amechoka, na mle kinywani mlikuwa na giza, na giza lilimwita kuliko zile ngoma.

Akanyanyua mguu apige hatua nyingine. Hapo akasikia sauti ya Namkunda inashuka kilima. Alikuwa anailalamikia miiba, anaulalamikia utelezi, anamwita wifi yake amngoje, maana Nakijwa tangu jana hajatia kitu tumboni, naye amemletea makande kwenye jani. Akatokea kati ya miti, jani mkononi, bado anaongea.

Zimwi likaruka kinyumenyume kama chura. Kinywa cha nyuma kikafunguka, kikafumba. Mkono wa kushoto wa Namkunda ukakatika kwenye kiganja, damu ikaruka mpaka juu ya majani. Namkunda akapiga ukelele mmoja. Kinywa kikafunguka tena, kikambeba mzima, kichwa kwanza, kikammeza. Makande yakabaki yamemwagika chini.

Pakawa kimya.

Kile kimya alichokitafuta Nakijwa ndicho kilichokuwa pale, na sasa aliona kilivyo. Kilikuwa na damu juu yake.

Basi, mle tumboni mwa zimwi, sauti ikaanza. "Wifi, niko huku. Kuna giza, na kunanuka, na kuna mifupa ya watu. Wifi, unanisikia?"

Zimwi likashtuka. Likajipiga ngumi tumboni, likasema nyamaza. Namkunda hakunyamaza. Likajipiga tena, likasema nyamaza. Namkunda akaongeza sauti. Tangu lizaliwe, zimwi lile halijapata kumeza kitu kisichonyamaza.

Nakijwa akaokota panga.

Pigo la kwanza alilipiga begani. Panga likazama mpaka mfupani, lakini zimwi likamtupia kiwiko, na mbavu za Nakijwa zikalia kama vijiti vikavu. Akaanguka, akainuka.

Pigo la pili alilielekeza kisogoni. Kinywa cha nyuma kikalidaka panga kwa meno, kikalitikisa pamoja na yeye mwenyewe aliyelishika, kikamrusha kijitoni. Mfupa wa bega ukavunjika juu ya mawe. Mkono mmoja ukawa umekufa. Meno mawili ya zimwi yakaanguka majini pamoja naye, na panga likaanguka nayo.

Zimwi likaingia majini likimfuata, kinyumenyume, kinywa wazi. Nakijwa hakuinuka. Akalipapasa panga kwa mkono wake mzima, akalala palepale majini kama gogo, akaungoja mguu wa zimwi uje. Mguu ukaja, mkubwa kama kinu, ukakanyaga karibu na uso wake.

Pigo la tatu akalipiga kwenye kisigino, pale penye mshipa. Mshipa ukakatika kwa mlio kama wa kamba ya mtego. Zimwi likayumba, likaenda chali, puu, kwenye tope la ukingoni. Kinywa cha nyuma kikajaa tope, kikawa kinatafuna mawe.

Sasa kinywa cha mbele kikaanza kumsihi. Kikamwambia alisamehe, litamwachia msitu wote, litampa kimya mpaka siku ya kufa kwake. Nakijwa akalishika panga vizuri. Akapanda juu ya lile tumbo, akauliza, "Wifi, umekaa wapi humo?"

"Nimebanwa juu, chini ya mbavu. Kata chini."

"Nikikosea nitakukata wewe."

"Kata. Nitaendelea kusema, utanisikia nilipo."

Na kweli akaendelea kusema. Akataja wajomba wote waliolala banda la mbuzi, na nani aliyelewa, na nani aliyeiba paja la mbuzi. Nakijwa akaifuata sauti kwa sikio, akakata mbali nayo. Akakata chini ya kitovu, akavuta panga kwa mkono wake mmoja. Tumbo likafunguka kama gunia. Ikamwagika damu nyeusi, yakamwagika manyoya, ikamwagika mifupa na bangili za watu waliopotea zamani. Mwishowe akauona ule mkono mzima wa wifi yake, akaushika, akamtoa.

Zimwi bado lilikuwa linatapatapa. Nakijwa akalirudia, akakata shingo, akakata, akakata, mpaka kichwa kikabingirika. Kinywa cha nyuma kikatafuna tope mara ya mwisho, kikatulia.

Namkunda alikuwa amepauka, ngozi imechubuka kwa ukali wa maji ya lile tumbo. Nakijwa akachukua ile kamba, akamfunga mkono uliokatika, akakaza kwa meno yake, mpaka damu ikasimama. Kisha wote wawili wakakaa chini, mmoja amemwegemea mwenzake.

Namkunda akafungua mdomo aseme neno. Akamtazama wifi yake, akaufunga.

Basi Nakijwa akalia. Alimlilia mtoto wake, akamwita kwa jina, akalia mpaka akakauka. Namkunda hakumwambia basi, hakumwambia atazaa tena. Alimshika tu.

Jua halijazama walifika nyumbani wakikongojana, nao wamelowa damu. Ngoma zikakatika. Kajiru alipomwona mkewe na dada yake katika hali ile, aliwakimbilia akawapokea. Waliposimulia, wanaume wakashika mienge na mashoka, wakaenda, wakalichoma lile zimwi mpaka likawa majivu. Ile mifupa wakaikusanya, wakaizika vizuri, na kila aliyeitambua bangili ya ndugu yake alipewa nafasi ya kulia.

Namkunda akapona, akaishi na mkono mmoja. Nakijwa akapona, ingawa bega lake halikunyooka tena. Msituni ndege wakarudi, mmoja mmoja.

Mwaka uliofuata sikukuu ya mavuno ikafika tena. Wageni wakaja, ua ukajaa, ngoma zikaanza. Siku moja, katikati ya kelele zile, Nakijwa alimwendea Namkunda, akamnong'oneza. Namkunda akaitikia kwa kichwa. Nakijwa akashika njia ya migomba.

Shangazi mmoja akauliza mke wa Kajiru yuko wapi, mbona hachezi na wenzake, akavutwe. Namkunda akasimama kwenye mlango wa ua, akauzuia kwa ule mkono wake uliokatika.

"Amekwenda msituni kukaa peke yake kidogo," akasema. "Ameniaga. Atarudi. Mwacheni."

Wakamwacha. Na jua lilipoinama, akarudi.

Hadithi yangu imeishia hapo, atakaye kuibeba aibebe, nami natua mzigo.

Mafunzo yake ni haya: anayetaka kukaa peke yake, mwacheni akae. Na wewe unayekwenda kukaa peke yako, usiondoke bila kuaga.