Mkate wa Mchana wa Shuraihi

Imesimuliwa, na aliyenisimulia mimi ni mtu mkweli isipokuwa akiulizwa umri wake, kwamba hapo kale katika mji mmoja wa nchi ya Yemeni, nyuma ya milima, aliishi mja mwema jina lake Shuraihi, Allah amrehemu. Kaeni vizuri. Wapo wanaokisimulia kisa hiki huku wanasinzia; mimi nikikisimulia, hata paka wa msikitini huacha kujilamba akasikiliza.

Shuraihi alikuwa mfyatua matofali. Kazi yake ilikuwa kukanda udongo, kuujaza kwenye kalibu, kuanika, kisha kulisha kuni tanuri lile ambalo joto lake lilikuwa linakausha jasho kabla halijatoka. Mkewe aliitwa Lubaba, mwanamke mcha Mungu, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi kuliko ulimi. Hawakuwa na kitu. Nyumba yao ilikuwa na mkeka, chungu, kigingi cha mbuzi ambaye hawakuwahi kuwa naye, na mapenzi. Usicheke. Wewe una makabati matatu na bado unagombana na mkeo juu ya taulo.

Mwenyezi Mungu akawaruzuku binti, wakamwita Rumaisa. Naye alikuja na baraka zake zote ila moja: alikuja msimu wa mvua. Mvua ikinyesha matofali hayakauki, na matofali yasipokauka mfyatuaji hana kazi ya kutosha. Unga ukapungua. Ikawa nyumba ile inaoka mkate mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, mikate ya shayiri, myembamba kama sadaka ya bahili. Ule wa mchana waliugawa nusu kwa nusu: nusu anakwenda nayo Shuraihi kwenye tanuri, nusu inabaki kwa mzazi.

Lubaba alikuwa ndani ya arubaini yake, ananyonyesha. Shuraihi akamtazama, akaona nusu mkate haimtoshi mtu mmoja, seuze wawili ndani ya mmoja. Alijua pia kwamba akimwambia "kula na sehemu yangu" atakataa, kwa sababu alimjua mkewe. Basi asubuhi moja akasema:

"Mama Rumaisa, mkate wangu uache hapa, uule wote. Mimi nimefunga."

"Umefunga? Na moto ule?"

"Nimefunga. Shukrani kwa Mola kwa ajili ya mtoto."

Lubaba akafurahi kweli kweli. Na siku hiyo ya kwanza Shuraihi hakudanganya. Alitia nia na kula daku ya maji. Lakini jua lilipopanda, tanuri likaitoa nia ile kupitia masikioni. Akashika mtungi na kata ya kuchotea maji, akanywa kata kwa kata mpaka wenzake wakaogopa atakunywa na udongo wa chini. Kesho yake hakutia nia tena. Neno tu ndilo alilorudia: "Nimefunga, Mama Rumaisa." Kisha akaenda kushinda na njaa, na mtungi ubavuni.

Najua sasa hivi kuna mwenye ndevu atakayenyanyua kidole aseme, "Si mume ameruhusiwa kumwambia mkewe neno la kumfurahisha?" Ameruhusiwa, sheikh wangu, teremsha kidole. Mwambie mchuzi wake mtamu hata kama chumvi imezidi. Lakini ibada si mchuzi. Ukiitaja ibada usiyoifanya, neno lile halikai chumbani. Litavaa viatu litoke.

Na lilitoka. Mzazi akiwa kwenye arubaini, wanawake huja kumwona. Wakija, Lubaba huwaambia, "Mume wangu anafunga kila siku, kwenye moto ule ule." Wanawake wakawaambia waume zao, kwa sauti ya kuchoma kidogo kama mnavyowajua. Waume wakapeleka habari msikitini. Haukupita muda Shuraihi akawa anasogezewa nafasi safu ya mbele, na akikohoa tu, watu wanasema "subhanallah." Akawa anaingia msikitini kama mtu aliyevaa kanzu ya mwenzake, anaogopa mwenyewe asije akaitambua.

Huku nyumbani jambo moja likawa linamtatiza. Lubaba hakunenepa. Kila siku ameachiwa mkate mzima wa mchana, na kila siku bangili yake ya shaba inateremka na kupanda mkononi kama inatafuta mahali pa kukaa. Maziwa yakaanza kupungua. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, ananyonya tena. Shuraihi akirudi magharibi anakuta futari imeandaliwa vizuri, dengu nzito zilizovunjiwa mkate ndani. Akiuliza, "Mkate huu umetoka wapi?" mkewe anajibu, "Kula, baba. Riziki haiulizwi nasaba." Akala, akidhani ni majirani.

Basi katika mtaa huo alikuwako mjane mwenye mifugo, Bibi Atika, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa ameugua hadi watu wakaanza kuulizana nani ataosha maiti. Bibi Atika akaweka nadhiri: mwanawe akisimama kwa miguu yake, mbuzi wake bora wa maziwa, mweusi mwenye sikio jeupe, atakuwa wa yule anayefunga sana saumu za sunna katika mtaa. Mola akamponya kijana. Bibi akauliza wanawake, akauliza wanaume. Wote wakamtajia jina moja.

Ijumaa baada ya Alasiri, Shuraihi anarudi nyumbani, anakuta mlango wake umejaa watu. Bibi Atika yupo, mbuzi yupo, na kiwele cha mbuzi kimejaa mpaka matone yanaanguka vumbini. Ndani mtoto analia.

"Shuraihi, mwanangu," akasema Bibi Atika, "Mola amenipa nilichoomba, nami nimekuja kulipa. Huyu ni haki ya mfungaji. Shika kamba."

Shuraihi hakushika.

Nyuma ya pazia Lubaba akaita, "Baba Rumaisa, pokea basi! Unamsimamisha bibi wa watu juani?"

Tusimame hapa kidogo na sisi. Ibilisi hakumjia Shuraihi na pembe. Alimjia kama wakili. Akamwambia: Bibi huyu wewe hujamdanganya, jina umepewa na watu. Mtoto ana njaa, na dhaifu ana haki. Halafu, ndugu yangu, nani amekukataza kuanza kufunga kesho? Chukua mbuzi leo, lipa saumu pole pole. Unaona hoja hizo zilivyonyooka? Wewe ungezishindaje? Usinijibu, nakujua.

Shuraihi akaweka mikono nyuma ya mgongo, kana kwamba anaogopa itamtoroka ikashike kamba yenyewe. Akasema:

"Bibi yangu, kamba hii si yangu. Mimi sifungi. Nilijaribu siku moja, ikanishinda adhuhuri. Tangu hapo nakunywa maji kila siku. Nilimwambia mke wangu nimefunga ili ale mkate wangu. Yeye hakumdanganya yeyote, amewaambia kile nilichomwambia. Mkitaka mtu wa kumcheka, nimesimama hapa."

Mfyatuaji mwenzake akasema kutoka nyuma, "Maji? Wallahi huyu akishika kata, mtungi unatoa shahada!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilimuuma Shuraihi kuliko tusi.

Bibi Atika hakucheka. Alimtazama mbuzi, akatazama pazia lile ambalo kilio kilitoka nyuma yake, machozi yakamlengalenga. "Mwanangu, ingekuwa ni zawadi, ningekuachia. Lakini nadhiri si kanzu, niipunguze mikono imwenee nimpendaye. Nimemwahidi Mola mfungaji. Basi ni nani?"

Na hapa, waumini, ndipo ninapompenda Shuraihi. Angeweza kusema "sijui" akaingia ndani. Lakini alisema, "Ni Mzee Dhakwani, msuka mikeka. Nyumba yake na yangu ukuta ni mmoja. Kila siku kabla ya alfajiri nasikia kata yake ikigonga mtungi, na mchana kutwa haigongi tena mpaka magharibi. Huu ni mwaka wa pili nasikia."

Mbuzi akavutwa mlango wa pili. Watu wakatawanyika. Shuraihi akaingia ndani akijua vita viko huko.

Lubaba alikuwa ameketi, mtoto kifuani, uso ukutani. "Umeniaibisha," akasema. "Wanawake wote wa mtaa huu nimewaambia nimeolewa na walii. Kumbe walii wa mtungi!"

"Nisamehe, Lubaba. Nilitaka ule. Ningekuambia ule sehemu yangu ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo!"

"Basi alhamdulillahi. Aibu nimeipata, na mbuzi nimemkosa, lakini mkate angalau umeula."

Lubaba akatazama chungu.

"Lubaba. Mkate umekuwa ukiula?"

"Mtu ashinde na saumu kwenye moto wa tanuri," akasema Lubaba polepole, "mimi nijikalie hapa nitafune mkate mzima, akirudi nimpe dengu tupu? Ningemjibu nini Mola wangu? Si kuna thawabu kubwa ya kumfuturisha aliyefunga?"

"Uliupeleka wapi?"

"Hicho unachokula kila magharibi ndani ya dengu ni kitu gani, Shuraihi? Matofali?"

Shuraihi akakaa chini bila kupanga. Mkate ule alioukimbia asubuhi ulikuwa ukimngoja nyumbani kutwa nzima, kisha unaingia tumboni mwake mwenyewe jioni, na pamoja nao ile nusu ya mkewe iliyokuwa halali yake tangu mwanzo. Aliyemdhani ameongezewa alikuwa amepunguziwa, na mpunguzaji ni yeye mwenyewe Shuraihi.

"Na mimi nikakuuliza umetoka wapi."

"Nami nikakuambia riziki haiulizwi nasaba. Sikusema uongo. Katika nyumba hii mwongo ni mmoja."

Wa kwanza kucheka alikuwa Lubaba. Akajaribu kujizuia, mtoto akatikisika kifuani, ikawa basi. Wakacheka wote wawili mpaka Rumaisa akaacha kulia awatazame wazazi wake wana nini. Kisha Shuraihi akaushika mkono wa mkewe, akaona bangili ilipofika, kicheko kikageuka machozi.

"Sikiliza, baba Rumaisa," akasema Lubaba, naye sasa anamfuta uso kwa ncha ya ushungi. "Kumlisha mama anayemnyonyesha mwanao, wewe uliona haina thawabu mpaka uivishe jina la saumu? Ibada ulikuwa nayo mkononi, ukaiita jina la nyingine."

Shuraihi akautoa mkate wa mchana pale ulipofichwa chunguni, akaukata, akampa kipande kikubwa. Lubaba akala mbele ya macho yake, naye akala chake, jua bado lipo, mlango uko wazi, apitaye na apite.

Bado wanatafuna, wakasikia, "Hodi! Hodi hapa! Nani ameniletea adhabu hii?"

Alikuwa Mzee Dhakwani, kamba mkononi, mbuzi nyuma yake anatafuna ukindu wa mkeka.

"Karibu, mzee wetu."

"Sikaribii! Tazama! Amekula mkeka wa mteja nusu nzima, na hiyo nusu nyingine ameilalia. Mikono yangu inajua ukindu, haijui kiwele. Nimegusa, akanipiga teke. Na wewe Shuraihi, nilikukosea nini? Mambo yangu na Mola wangu nimeyaficha hata mke wangu marehemu alikuwa hana hakika, wewe unanitangaza mlangoni siku ya Ijumaa!"

"Nisamehe, mzee wangu. Ni kata yako ilivyogonga."

"Sikusamehi bure. Kuna fidia. Atika nadhiri yake imetimia, mbuzi ni mali yangu, na mali yangu naifunga ninapotaka. Kigingi kile naona kiko tupu. Mke wako atamkamua. Magharibi mtaniletea bakuli moja la futari. Kinachobaki mtakipeleka wapi, sijui, ninyi mna huyo mwenye sauti ya mwadhini," akamwonyesha mtoto kwa kidevu.

Lubaba akasema, "Mzee, sisi hatukustahiki."

"Nani amezungumza habari ya kustahiki? Mimi nazungumza habari ya mkeka wangu." Akafunga kamba kigingini, fundo la msuka mikeka lisilofunguka, akaondoka ananung'unika. Watu wanasema alipofika mlangoni pake alikuwa anatabasamu, lakini mwenyewe alikana mpaka kufa.

Kesho yake kwenye tanuri adhuhuri ilipofika, Shuraihi akatandika kitambaa, akatoa nusu mkate, akasema bismillahi kwa sauti. Wenzake wakamzunguka.

"Walii, leo hufungi?"

"Leo sifungi. Nusu ni hii. Nusu ya pili iko nyumbani, na sikuondoka mlangoni mpaka nimeona ametafuna."

Ndugu zangu katika imani, kisa ni hicho, na bora zaidi hamtasimuliwa mwaka huu. Tumefundishwa kwamba hata tonge analoliweka mtu kinywani mwa mkewe ni sadaka. Basi liweke kwa jina lake hilo hilo, na kabla hujahesabu saumu zako, uliza aliyebaki nyumbani na mtoto amekula nini. Mola atujaalie ukweli uliomfanya Shuraihi aweke mikono nyuma, na atupe majirani wakali kama Dhakwani. Sasa inuka, nenda kwako. Na ukifika, usianze kuuliza chakula kiko wapi.